Kuzikana Tunajua, Kutibiana Je?

Mimi sipendi kufundishwa jambo ninalolijua, na siku ile kijijini Puge nilifundishwa mpaka kichwa kikachemka. Mtu wa bima ya afya alikuja na kipaza sauti chake, akatukusanya uwanja wa shule, akatueleza kuwa mpango mpya wa serikali unamtaka kila mtu achangie akiwa mzima ili atibiwe akiugua. Hapo sawa, sina ugomvi. Halafu akasema shida ya wanakijiji ni kwamba hawana elimu ya kuchangiana.

Hee! Sisi?

Nilikuwa nimetoka Tabora mjini, Ipuli, ninakoshona nguo, kuja kumtazama shangazi yangu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Tumboni alikuwa na uvimbe, na daktari alishasema apasuliwe, tena asichelewe. Bima hakuwa nayo, na hata angejiunga siku hiyohiyo, tuliambiwa kadi mpya haianzi kufanya kazi mara moja. Pesa ya upasuaji hatukuwa nayo, si yeye wala mimi. Mtu wa bima akasema wasio na uwezo waende ofisi ya kijiji wakaombe msamaha wa matibabu.

Shangazi akaninong'oneza, "Msamaha? Kwani nimemkosea nani?"

Nikasimama. Nikamwambia, "Kaka, hapa tuna chama cha kuzikana. Mtu akifa asubuhi, jua halijazama unga umefika, kuni zimefika, jeneza limefika. Babu zetu wapagazi wa misafara, mmoja akiugua njiani, wenzake waligawana mzigo wake. Nani aliwapa semina? Tulichangia ile bima ya mwanzo, tukifika zahanati tunaambiwa dawa hakuna, kanunueni dukani. Jeneza halijawahi kutuambia limeisha. Leteni dawa, muone kama hatuchangii!"

Watu walipiga makofi. Yeye akasema hoja yangu ameipokea. Akaipokea, akaondoka nayo.

Lakini makofi hayaondoi uvimbe. Njiani kurudi nyumbani shangazi alikuwa anasimama kila mara kushika kiuno, na mimi nilikuwa bado nawaka kwa hasira, ndipo maneno yangu mwenyewe yakanigeukia. Kile chama shangazi amekichangia tangu mimi sijaanza shule. Jumapili baada ya ibada, akina mama wa chama walipokutana, nikaingia naye.

"Shikamooni, mama zangu. Naomba jeneza la shangazi. Na unga wake, na kuni zake. Mnigeuzie viwe hela, nimpeleke hospitali."

Weee! Nilitukanwa siku ile. "Unamchuria shangazi yako!" "Haya ndiyo mnayojifunza huko mjini?" Mwenyekiti, mama mkali asiyecheka ovyo, akawanyamazisha wote. Akasema katiba ya chama inatoa kwa maiti tu. "Mtu hufa mara moja, mwanangu, lakini anaweza kuugua kila mwezi. Tukianza na wagonjwa, chama kitakufa kabla yetu."

Hapo alinibana, sikatai. Ni hesabu hiyohiyo inayowatoa jasho wakubwa huko juu. Lakini nilimjibu hivyohivyo, machozi yananitoka, kwamba basi tukae tusubiri watu wafe ndipo tuwapende.

Shangazi akainuka, mkono tumboni. "Mwenyekiti, sitaki uvunje katiba kwa ajili yangu. Nipeni la kwangu, kisha mnifute. Siku nikifa msije."

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Hata mwizi huku anazikwa na watu. Aliyefutwa kwenye kuzikana, msibani kwake hakuna anayekoka moto. Akina mama walianza kulia kabisa, mmoja akamshika nguo akimsihi akae chini. Mwenyekiti akamuuliza kama ana akili timamu.

"Ninazo," akasema. "Nataka kuishi."

Wakampa. Mimi nikaongezea kwa kuuza cherehani yangu moja, na alipasuliwa hukohuko mjini, akapona kitandani kwangu huku akilalamika kuwa mchuzi wangu hauna chumvi. Kisha akarudi Puge kulima.

Juzi kulikuwa na msiba kwa jirani yake. Shangazi akaenda na mzigo wake wa kuni kichwani, ingawa yeye hana tena wa kumletea kuni siku yake ikifika. Mwenyekiti akamvuta pembeni, nami nikiwapo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wamekaa wakaona jina lake walirudishe, jeneza lake liwepo kama zamani.

Shangazi akacheka mpaka waombolezaji wakageuka.

"Jeneza langu nimeshalila, mama, tena lilikuwa tamu. Hilo lingine mpeni mgonjwa."