Dakika Kumi za Senga Duthie

Jumamosi ile Senga Duthie alinigongea mlango akiwa amevaa koti lake la harusi na mazishi, begi la sokoni mkononi. Tunatumia ngazi moja, yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu, na katika miaka kumi na tisa niliyoishi katika mji huu wa Dundee sikuwahi kumwona na koti lile kabla ya saa sita mchana.

"Una bahasha?" aliuliza.

"Ya nini?"

"Ya kuandikia. Na kalamu ya wino. Halafu vaa viatu, mwanangu, unanisindikiza nikamtie mtu adabu."

Mtu mwenyewe alikuwa Fergus Meldrum. Huyu ni mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, mtu wa miaka hamsini na miwili, mpole, mwenye ndevu za mvi. Mwezi ule alikuwa amekodi ukumbi ndani ya kiwanda cha zamani cha magunia ili kuonyesha kompyuta alizokua nazo tangu utotoni: zile ndogo nyeusi zenye vibonye vya mpira, ambazo unaziunganisha na televisheni na kuzilisha mchezo kutoka kwenye kaseti. Senga alikwenda kuziangalia Alhamisi, akiwa peke yake. Ndani ya kabati la kioo akaona kaseti iliyoandikwa kwa mkono, MSTARI WA TATU, na kando yake kadi iliyosema: "Mchezo uliopendwa kuliko yote iliyotungwa mjini petu, 1984. Mtunzi hajulikani. Hauna mwisho."

Alimtafuta Meldrum, akamwambia mtunzi ni yeye.

"Wewe ni wa sita, mama," Meldrum alimjibu, bila ubaya. "Wa tano alikuwa mchungaji."

Alimweleza kwamba Jumatatu kitabu chake kuhusu michezo ya mji kingeenda kwa mpiga chapa, na ukurasa wa Mstari wa Tatu ungebaki bila jina, labda mtu alete ushahidi. Senga akamwambia angekuja Jumamosi kuumaliza mchezo mbele ya watu.

"Haumaliziki," alisema Meldrum. "Naujaribu tangu nina miaka kumi na moja."

"Basi umechelewa kuniuliza," alisema Senga.

Nilipomletea bahasha aliiweka juu ya begi lake, akaandika kitu nyuma yake huku akinificha kwa kiwiko kama mwanafunzi, akaikunja mara mbili na kunikabidhi. "Usiifungue mpaka nikwambie. Na usiikalie."

Tulishika njia kwenda ukumbini. Nilimtazama akitembea na kuwaza jinsi mtu anavyoweza kuishi chini ya sakafu yako karibu miaka ishirini, ukaijua harufu ya supu yake, ukajua siku anazofua, usijue kwamba kuna kitu alikitengeneza mara moja akiwa na miaka thelathini na miwili, na kwamba tangu hapo amekaa kimya nacho.

Alizaliwa mtaa wa Lochee, mtoto wa mama aliyesokota nyuzi za magunia. Akiwa na miaka kumi na saba aliingia kiwanda cha saa, ambako wanawake wengi wa mji walifanya kazi. Siku moja meza zao zilibadilishwa, na mstari wa tatu, wanawake kumi na wanne kwenye mkanda mmoja, ukaanza kuunganisha kompyuta. Senga alikaa kiti cha mwisho. Kazi yake ilikuwa kuchukua kila mashine iliyomfikia, kuichomeka, kubonyeza vibonye vyote kwa mpangilio, kuilisha kaseti na kusikiliza. Mia mbili kwa zamu. Mikono yake iliijua kompyuta kabla ya kichwa chake.

Kisha mashine moja iliyokataliwa, yenye herufi moja iliyokaa upande, ilitoka getini ndani ya begi la sokoni, chini ya kabichi. Pamoja nayo kilitoka kitabu cha maelekezo chenye jalada lililochanika. Senga alikisoma jikoni mwaka mzima. Aliandika mchezo wake Jumamosi tu, Wullie mumewe alipokuwa uwanjani kutazama mpira, kwa sababu Wullie alikuwa mtu mwema lakini televisheni ilikuwa moja. Jumamosi moja Wullie alirudi amelowa chapachapa, akachomoa waya wa kwanza aliouona ili achomeke hita. Kazi ya wiki tano ikapotea palepale. Senga alikwenda kukaa bafuni kwa muda, akatoka, akaanza upya. Safari hii alihifadhi kwenye kaseti kila robo saa.

Mchezo ulipokamilika aliwapa wenzake nakala, bila jina, kwa sababu ya kabichi na kilichotoka getini chini yake. Wenzake wakawapa watoto wao, watoto wakanakili kaseti kwa kaseti, na ndani ya mwaka mmoja hapakuwa na nyumba yenye mtoto mjini isiyokuwa nao. Kisha kazi ile ikaisha, mstari ukavunjwa, na wale kumi na wanne wakatawanyika.

Ukumbini tulimkuta Netta Cargill ametangulia. Netta alikaa kiti cha nne kwenye mstari. Sasa ana miaka sabini na sita, na sauti yake bado ni ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo. Alikuwa na mfuko wa bridi za moto, zile kama sambusa kubwa za nyama na kitunguu, na mafuta yalikwishapenya karatasi.

"Umevaa la mazishi," alimwambia Senga. "Nani amekufa?"

"Ngoja kidogo, utamwona."

Walikuwepo watu kama sitini, wengi wao wanaume wa umri wa Meldrum. Meldrum mwenyewe alimvutia Senga kiti, akaiweka kaseti kwenye kinasa na kubonyeza. Ukatoka ule mlio wa mchezo ukiingia kwenye mashine, mkali, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na kingo za skrini zikaanza kupiga mistari ya rangi. Ukumbi ulinyamaza. Sijawahi kuona sauti mbaya namna ile ikipokewa hivyo. Mwanamume mmoja karibu yangu alifumba macho. Mwingine alimnong'oneza mkewe, "Sasa hivi mama ataniita niende kula," na mkewe akamshika mkono, maana nadhani mama huyo alikuwa amefariki.

Mlio ukakatika. Skrini ikabaki nyeupe.

"Kaseti imechoka," alisema Meldrum. "Ina miaka arobaini."

"Kaseti haina neno. Umeipandisha sauti mno," alisema Senga. "Punguza. Punguza tena. Hapo. Hapana, rudi nusu. Basi, usiguse."

Safari ya pili alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtoto anavyopumua, na dakika tano baadaye mchezo ulikuwa mbele yetu: mwanamke mwenye kilemba, mdogo kama ukucha, akikimbia kando ya mkanda kukusanya vipande, na msimamizi mwenye kofia akimfukuza. Hatua kumi na mbili. Roho tatu: ukishikwa mara tatu, umekwisha.

Roho ya kwanza ilipotea hatua ya tatu. Vidole vya Senga vimevimba kwenye viungo, na vibonye vile havina huruma.

"Unacheza kama unakanda mkate!" alipiga kelele Netta.

"Wewe uliwahi kufika hatua ya ngapi?"

"Mimi nilikuwa na watoto wanne, sikuwa na nafasi ya upuuzi."

"Basi kula bridi yako."

Roho ya pili ilipotea hatua ya tisa. Hapo wanaume waliacha kutabasamu, wakasogea. Walikuwa wakizijua hatua zile kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani, na walianza kumwelekeza kwa minong'ono: sasa ruka, ngoja, sasa. Alifika ya kumi. Ya kumi na moja aliivuka bado kidogo tu ashikwe, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Hatua ya kumi na mbili haina ngazi wala mlango. Ni chumba kitupu, kiti kimoja, mkanda unaotembea, na msimamizi anayekuja polepole kutoka kushoto. Kwa miaka arobaini kila aliyefika hapo alikimbia, na kila aliyekimbia alishikwa.

Senga alimkalisha yule mwanamke mdogo kwenye kiti. Kisha akaondoa mikono kwenye vibonye na kuiweka mapajani.

"Kimbia!" mtu alipaza sauti.

"Mama, bonyeza," alisema Meldrum. "Anakuja!"

"Namwona. Netta, nimiminie chai."

Msimamizi alifika, akasimama nyuma ya kiti. Skrini ikageuka nyekundu na maneno makubwa yakaanza kuwaka na kuzimika: FANYA KAZI. FANYA KAZI. Meldrum hakuweza kuvumilia. Mkono wake ulinyooka kwenda kwenye vibonye, na Senga akaupiga kofi lililosikika hadi mlangoni.

"Toa mkono wako hapo! Ukigusa tu, amekukamata. Ndivyo ulivyofanya miaka yote hii, au sivyo?"

"Ndivyo," alisema Meldrum, akisugua mkono.

"Na wenzio?"

"Wote." Alifikiri. "Lakini mama, nimeupekua mchezo huu ndani, namba kwa namba. Hapa pana kihesabio kinachozunguka bure, hakifanyi chochote. Ni kosa."

"Kinahesabu."

"Kinahesabu nini?"

Netta ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshika chupa ya chai bila kumimina, macho kwenye skrini, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mapumziko," alisema. "Senga, wewe mwanamke. Ni mapumziko ya chai."

Akammiminia Senga, kisha akawaeleza watu yeye, maana Senga alikuwa anakunywa. Kulikuwa na wakati wakubwa wa kiwanda walitaka kuwapunguzia mapumziko ya chai, kutoka dakika kumi hadi saba. Mstari wa tatu haukugoma wala kutoka nje. Kila siku, saba zilipokwisha na mkanda ukaanza kutembea, wanawake kumi na wanne walibaki vitini, mikono mapajani, hadi kumi zikamilike. Msimamizi alitembea nyuma ya migongo yao, akapaza sauti. Vipande vilirundikana mwisho wa mkanda hadi vikamwagika sakafuni. Hakuna aliyegeuka. Wiki ya tatu walirudishiwa dakika zao.

"Ukigeuka tu, umekwisha," alisema Netta. "Ilikuwa lazima ukae kama jiwe."

"Dakika kumi?" aliuliza Meldrum. "Uliweka dakika kumi nzima? Kwenye mchezo wa watoto?"

"Haukuwa wa watoto. Watoto waliuiba."

Basi tukangoja. Sitasahau kungoja kule. Watu sitini walimtazama mwanamke mdogo wa vipande vya mwanga akiwa hafanyi lolote, na mwanamke wa miaka sabini na mitatu mbele yake hafanyi lolote vilevile, huku maneno yale yakiwapigia kelele wote wawili. Niliufikiria ushindi wa namna hiyo, ambao ukiutazama kutoka nje haufanani na kitu. Kuna aliyeanza kuhesabu dakika kwa sauti. Katika ya nane hakuna aliyekohoa. Katika ya tisa Senga alipangusa mdomo na kuniambia, "Sasa ifungue."

Nilikunjua bahasha. Palikuwa na namba kumi na tatu, moja chini ya nyingine.

Wekundu ukazimika. Msimamizi akavua kofia yake, akageuka, akaondoka polepole kule alikotoka. Mkanda ukasimama, kisha ukaanza kurudi kinyumenyume, na juu yake, kwa kujikongoja, zikatokea namba.

"Mia nne na mbili," nilisoma kutoka kwenye bahasha, na mia nne na mbili ikapita kwenye skrini.

"Namba zile!" Meldrum alisema. "Nilidhani ni takataka. Niliziona ndani nikadhani ni takataka."

"Hiyo ni kadi ya Ina Robb," alisema Senga. "Ya kugongea saa ya kazini, asubuhi tukiingia na jioni tukitoka. Takataka mwenyewe. Endelea, mwanangu."

Mia nne na tano. Mia nne na tisa. Kila niliyoisoma ilipita, na kila ilipopita Senga aliitaja kwa jina, na nusu ya majina Netta aliitikia, "Marehemu," kama anayejibu sala. Kisha nikasoma mia nne na kumi na saba, na Netta akatoa ukelele ambao nadhani ulisikika ng'ambo ya mto wa mji.

"Mimi! Mimi yule! Nimo ndani!" Akaupindua mkoba wake mezani, leso, funguo, peremende, hadi akaipata kadi iliyochakaa pembe, kahawia kama chai, na kumsukumia Meldrum usoni. 417. "Miaka arobaini nimo ndani ya televisheni za watu, na hukuniambia, mshenzi wewe!"

"Ungecheza ungejiona," alisema Senga.

Zilipokwisha kumi na tatu, ukumbi ulilipuka. Wanaume wale walipiga makofi huku mikono juu, kama uwanjani, na yule aliyefumba macho alikuwa akilia waziwazi. Netta peke yake alikuwa bado anahesabu kwa vidole.

"Tulikuwa kumi na wanne," alisema. "Yako iko wapi?"

"Niliogopa," alisema Senga. "Kabichi."

Meldrum alifungua kabati la kioo, akaitoa ile kadi yake, akauliza aandike vipi, labda Wanawake wa Mstari wa Tatu.

"Wao wamo ndani ya mchezo," alisema Senga. "Hapo kwenye kadi ni pangu. Lete."

Alikata maneno "hajulikani" na "hauna mwisho" kwa mstari mmoja kila moja, akaandika: *Senga Duthie, kadi namba 388.* Aliitazama, akaongeza nukta, akaomba bridi yake. Netta alikuwa amekwisha kuila.

Tulipofika mlangoni niligeuka. Meldrum alikuwa amewasha mashine zote za ukumbi, na wanaume sita wenye ndevu za mvi walikuwa wamekaa mbele ya skrini zake wakisubiri kaseti ziishe kulia, mikono yao tayari iko mapajani.