Friji la Bibi Halikuwa na Kosa

Unanijua, mimi kusamehe sikujaliwa. Kwa hiyo usinishangae nikikwambia kwamba wiki iliyopita nilimsimamisha mzee wa watu juani, hapa gereji kwangu Gerezani, nikamwambia abamize mlango wa gari mara saba. Na kila alipobamiza, roho yangu ilizidi kuburudika.

Gari lenyewe ni kati ya yale ya kutembezea watalii: ndani kuna kitanda, jiko, friji, nyumba nzima juu ya matairi. Umeme wa ndani unakatika na kurudi unavyotaka, na umeme wa magari ndiyo kazi yangu. Mzee akashuka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akibamiza mlango. Taa za ndani zikazima. Akakohoa kidogo, kikohozi cha kusafishia koo, akasema, "Friji hilo, binti. Linakula umeme. Ling'oe."

Loo! Kikohozi kile na maneno yale niliyasikia nikiwa na miaka tisa.

Kabla maghorofa hayajaimeza Kariakoo yote, mimi na bibi yangu tulipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Asubuhi uani kulinukia vitumbua na sabuni ya mche, redio tatu zinashindana. Bibi aliuza barafu za ubuyu. Kazi yangu ilikuwa kufunga vifuko, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu mwaka mzima, hata mwalimu alinituma bombani mara ngapi sijui nikanawe, wapi! Mchana wapagazi wa sokoni walipita jasho likiwatiririka, wanang'ata pembe ya kifuko na kufyonza wamesimama. Friji letu lilikuwa jeupe, mlango umefungwa kwa kamba, na lilinguruma vizuri mpaka nilikuwa silali bila kulisikia. Bibi alipima kila kitu kwa kopo la maziwa, ubuyu kopo, sukari nusu kopo. Mtu akileta ubishi wowote, jibu lake lilikuwa lile lile: "Acha maneno, pima."

Mita ya umeme ilikuwa chumba cha mbele, kwa jirani mmoja aliyejifanya mwenye nyumba na kumbe mpangaji kama sisi. Msimu ule umeme ukaanza vituko. Mtaa mzima unawaka, kwetu unakatika, mara umerudi. Jirani akaitisha kikao uani, akakohoa, akatangaza kwamba friji la bibi kizee linakula umeme. Wapangaji wakaitikia ndiyo, maana friji lilikuwa hilo hilo moja, na kila mtu alijua friji linakula.

Lakini mimi nilikuwa nimeona. Umeme ulikatika kila jirani alipobamiza mlango wa chumba chake. Nikasema, mbele ya watu wazima wote. Akanicheka: "Katoto ka kike kanajua nini habari za umeme?" Uani kote wakaangua kicheko. Bibi akawaomba walizime friji siku moja tu wapime. Nani amsikilize? Jirani alichomoa waya kwa mkono wake, akaliburuta friji koridoni. Barafu zikayeyuka, maji mekundu yakatiririka mpaka barazani, watu wanayaruka wakishika kanga na suruali. Bibi aliyapigia deki mwenyewe.

Friji likaondoka kwa mkokoteni. Umeme ukaendelea kukatika, tena wiki ile ile! Unadhani kuna aliyekuja kusema bibi tumekukosea? Hata mmoja. Wakikutana naye bombani wanatazama ndoo. Bibi hakuuza barafu tena, na mpaka anakufa watoto wa mtaa walikuwa wakimwita Bibi Mla-Umeme.

Basi nikamtazama yule mzee, nikasema, "Haya mzee, tulitoe." Nikachomoa waya wa friji mbele ya macho yake. "Bamiza mlango." Taa zikazima, kisha zikarudi. "Tena." Zikazima. Mara ya kwanza ingetosha kabisa, sikufichi. Zile sita zilikuwa za bibi. Shati likamganda mgongoni, mafundi wenzangu wakaacha kazi wanatazama. Ndipo nikachukua mita yangu ya kupimia nyaya, nikafuata waya mmoja mmoja mpaka chini ya kizingiti cha mlango. Bolti ya waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ilikuwa imelegea, kutu tupu, mlango ukigonga, waya unaachia. Nikasugua, nikakaza, nikarudisha friji. Akabamiza. Taa zikabaki zinawaka.

"Kosa lilikuwa la nani, mzee?"

"Waya umelegea."

"Na friji?"

"Friji... friji halina kosa."

"Sema kwa sauti, wenzangu hawajasikia."

"Friji halina kosa!"

"Hata la bibi yangu halikuwa na kosa," nikamwambia. "Lile jeupe la kamba, ulilolitupa koridoni."

Akanitazama upya. Kikohozi kikamjia, kikaishia njiani. "Bibi wa barafu?" akauliza. "Yupo?"

"Hayupo." Nikampa funguo zake.

Nilidhani nimemaliza. Jioni miguu ikanipeleka yenyewe kwenye ule mtaa. Ilipokuwa nyumba yetu pana ghorofa sasa, chini wanauza mapazia. Nikasimama pale ilipokuwa korido, kwa kukadiria tu, maana hata bomba sikuliona. Wale waliocheka uani sijui wamezikwa wapi, wengine wamehamia mbali. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Friji halikuwa na kosa."

Binti wa dukani akainua macho kwenye simu. "Mafriji yapo mtaa wa pili, dada," akasema. "Huku ni mapazia tu."