Mlango Usio na Bei

Kishor hakujua kusoma akiwa amekaa. Alisoma akiizunguka meza ya jikoni, kitabu mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, na mkewe Indu alishazoea kumsogezea viti njiani kama anayempisha mbuzi. Ukimwona dukani kwake Neasden, Landani, ndani ya koti jeupe la mfamasia, ungemdhania mtu wa makamo aliyetulia na maisha. Hakutulia hata kidogo. Akili ya mzee huyu wa miaka hamsini na minane ilikuwa imejaa majoka.

Alikuwa mlevi wa riwaya za fantasia, na maoni alikuwa nayo hadi ya kugawia majirani. Riwaya za siku hizi zilimtia hasira kwanza, kisha akazinunua. Kila riwaya mpya ina chuo cha uchawi, alilalamika, na kila chuo kina kijana mwenye macho ya kijivu anayemchukia msichana hadi ukurasa wa mia, halafu anampenda hadi ukurasa wa mia sita. Majoka wamegeuzwa usafiri. Ramani ya mwanzoni ina milima kumi na saba, mashujaa wanafika mmoja. Na hizo kurasa zinazopakwa rangi pembeni! Aliwahi kusimama dukani akamweleza kijana wa kaunta, kwa dakika ishirini, kwamba kitabu si keki ya harusi. Kijana alikubali kila kitu, maskini, kwa kuwa alitaka kufunga duka.

Lakini jambo lililomchoma hasa lilikuwa uchawi wenyewe. Kwa Kishor uchawi ulikuwa dawa. Lazima uwe na kipimo, uwe na madhara, na wawepo watu wasioruhusiwa kuugusa. Majira ya kuchipua alisoma riwaya ambamo mchawi akiwasha moto anasahau mtu mmoja aliyempenda, na kwa furaha aliizunguka meza siku tatu. Kiangazi akasoma nyingine iliyojaa majedwali na tarakimu, kila tone la uchawi limepimwa. Hiyo nayo akaitukana. “Huu si uchawi,” alimwambia Indu, “hii ni kemia ya form three.” Indu akamuuliza kwa nini basi ameimaliza kwa usiku mmoja.

Kosa ambalo hakulisamehe kamwe lilikuwa moja tu: uchawi wa bure. Shujaa amekwama, mara hoo, nguvu inatokea, anaokoka, na hakuna aliyelipa. Huo aliuita wizi.

Mtu aliyeyasikia haya yote kila Jumapili, kwa uvumilivu wa mtakatifu, alikuwa Linus. Linus na Kishor walikalia dawati moja shule ya msingi Kisumu, wakapotezana, kisha wakakutana tena Landani wote wakiwa na vitambi. Linus alifanya kazi ghala moja kule Hayes, akipanga mizigo inayotoka uwanja wa ndege. Mkewe, Wambui, alikuwa nesi, mwanamke wa kicheko kikubwa. Alifariki ghafla miaka minne iliyopita, na tangu hapo Linus alikuwa akitoka misani anakuja kwa Kishor, anakunywa chai, anasikiliza habari za majoka, anarudi kwake. Kishor hakuwahi kujiuliza kama rafiki yake anazipenda habari hizo. Mtu mwenye maoni hana nafasi ya maswali.

Basi Jumapili moja Linus akaja na mfuko wa dukani, akatoa rundo la karatasi zilizobanwa kwa mpira.

“Kish, soma hii.”

“Nini hii?”

“Riwaya. Yangu. Ya Kiswahili.” Akakwepa macho yake. “Ina uchawi.”

Kishor alisimama katikati ya mzunguko, chai ikamwagika kwenye soksi. “Tangu lini wewe unaandika?”

“Miaka tatu. Kwa bus nikienda shift, kwa bus nikirudi. Kuna shindano Nairobi. Deadline ni Monday ya wiki ijayo. Sasa, kama ni mbaya niambie, niitupe. Sitaki kuchekwa.”

“Usiseme hivyo, yaar, rafiki yangu.”

“Nasema. Watu wa church nikiwapa watasema Mungu akubariki. Wewe hujui kudanganya, omera, ndugu yangu. Ndiyo maana nimekuletea.”

Indu alimtazama mumewe kwa jicho la onyo. Kishor hakuliona. Alikuwa tayari anatafuta kalamu.

Alianza usiku uleule, na hadi Jumanne alikuwa amepotea ndani. Riwaya ilimhusu mhunzi anayefanya kazi chini ya mlima, mahali ambapo chuma huimba wimbo unaotia watu wazimu. Kwa hiyo mhunzi na wenzake wakifika langoni huvua masikio yao, huyafungia katika visanduku vidogo vya chuma ukutani, na kushuka wakiwa viziwi. Jioni huyavaa tena, na kila siku masikio yanarudi yakisikia kidogo kuliko jana. Kishor aliruka kwa furaha. Pembeni ya ukurasa akaandika kwa kalamu ya bairo: *Safi! Bei hiyo! Endelea!* Alimsomea Indu vipande vizima. Alimpigia Linus simu mara mbili kumsifu, na mara mbili hakupokelewa, kwa sababu Linus alikuwa kazini.

Halafu akafika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Mke wa mhunzi anaanguka mtoni, mbali na mlima. Wanamwita mumewe, naye hana masikio. Na hapo, pembeni ya tanuru, mlango unafunguka ukutani. Mlango tu. Hakuna aliyeuomba, hakuna dua, hakuna damu. Mhunzi anaacha nyundo, anapita, anatokea ukingoni mwa mto, anamshika mkewe mkono. Mke anakufa hata hivyo. Sura imekwisha.

Kishor alihisi ametapeliwa. Baada ya kurasa mia mbili za kazi safi! Hasira ilimpeleka mbio mbio kuizunguka meza, kisha akainama akaandika, akibonyeza kalamu: *Mlango umetoka wapi? Nani kalipa? Na kama ni wa bure, mbona hauponyi? Mwandishi amelala.* Akapiga mstari chini ya *amelala*. Akaenda kulala yeye, ameridhika.

Alhamisi asubuhi, dukani, alikuwa na dawa ya presha ya mteja mmoja aitwaye Ravinder. Alimpigia kumwambia iko tayari, simu ikaita bure. Akapiga tena, na tena, hadi akaanza kunung'unika kuhusu watu wasiojali afya zao. Saa saba Ravinder akampigia mwenyewe, akaomba radhi. Kazini kwao ghalani, alieleza, simu haziingii. Huziacha mlangoni, kwenye vikabati vya chuma, mpaka wakati wa mapumziko.

Kishor alimwambia hakuna shida. Akakata simu. Halafu akashika kaunta kwa mikono miwili.

Alikumbuka siku ile. Wambui alianguka kituo cha basi, mshipa wa kichwani umepasuka. Hospitali ilimpigia Linus mara saba. Simu ilikuwa Hayes, ndani ya kikabati, ikiita peke yake gizani. Linus aliikuta wakati wa chai. Akapanda mabasi mawili, na alipofika alikuwa amechelewa kwa dakika arobaini. Madaktari walimwambia hata angewahi, wasingeweza kumwokoa. Kishor alikuwepo walipomwambia, na aliona kwamba maneno yale hayakumfaa kitu.

*Mwandishi amelala.* Kishor alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alirudi nyumbani akajaribu kufuta. Bairo haifutiki, lakini mwenye hofu haambiwi. Alisugua kwa raba, karatasi ikatoka manyoya. Akaleta spiriti ya dukani, wino ukasambaa ukameza mstari mzima wa riwaya. Mwisho akapaka dawa nyeupe ya kufutia, tabaka juu ya tabaka.

“Unapaka nini, chokaa?” Indu akauliza. Alipoelezwa, aliketi. “Na atakuja lini?”

“Jumamosi, dukani. Atakuja kuchukua.”

“Utamwambia nini?”

“Nitamwambia ni nzuri. Atume.”

“Atajua, Kishor. Uso wako hauna pazia.”

Hakulala vizuri. Alilolijua lilikuwa hili: akisema kweli, Linus ataitupa kazi ya miaka mitatu, na pengine urafiki wa miaka hamsini utafuata kwenye pipa hilohilo. Akisema uongo, mtu pekee aliyemwamini kuwa hadanganyi atakuwa amedanganywa. Na ubaya wa mambo ni kwamba, hata sasa, akiwa anajua, bado mlango ule ulimkera.

Jumamosi Linus alifika saa tano, bado na jaketi la kazini lenye mistari inayong'aa. Kishor alimwachia bintiye Hemali kaunta, akamwingiza rafiki yake kwenye kachumba kadogo ka ushauri, penye viti viwili na bango la chanjo ya mafua. Hapo ndipo alipozoea kuwaambia watu habari za sukari na presha zao. Linus akakaa. Kishor akabaki amesimama, mgongo kwenye bango.

Linus alifunua karatasi polepole. Aliposoma *Safi! Bei hiyo!* akatabasamu kama mtoto, na Kishor akaumia zaidi. Kisha karatasi zikafunguka zenyewe pale palipoganda.

“Hii nyeupe ni nini?”

“Nilikosea.”

“Ulikosea kuandika ama ulikosea kufikiria?”

Linus akauinua ukurasa kwenye taa, akaugeuza, akasoma kwa nyuma, herufi moja moja, midomo ikicheza. Ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza aliuweka chini kwa uangalifu.

“Sikujua,” Kishor akasema. “Wallahi, Linus, mpaka Thursday sikujua. Ni Wambui.”

“Ni Wambui.”

“Basi achana na upuuzi wangu. Riwaya ni nzuri. Tuma.”

“Usinipe pole, Kish. Pole nimepewa miaka minne, nimeshiba. Nilikuletea usome. Umesoma?”

“Nimesoma.”

“Haya sema.”

“Mpaka mia mbili na kumi na moja, kila kitu kwako kina bei. Masikio yana bei. Moto una bei. Halafu mlango unafunguka bure.” Kishor akaigusa ile nyeupe kwa kidole. “Msomaji atauliza. Mimi niliuliza.”

Alingoja Linus ainuke aende zake. Linus hakuinuka.

“Sawa,” akasema. “Basi tuuwekee bei. Wewe ndio unajua hizi vitu. Taja.”

“Linus…”

“Taja, ndugu yangu.”

Kishor akainua kidole, kwa mazoea tu. “Anaweza kupoteza macho.”

“Chukua.”

“Jina lake. Asijulikane tena na mtu yeyote, hata mama yake.”

“Chukua.”

“Miaka iliyobaki. Akishapita mlangoni, anaishi mpaka asubuhi tu.”

“Chukua. Hiyo hata usingemaliza kusema.”

Kishor aliangalia vidole vyake vitatu. Alijua bei moja iliyobaki, kali kuliko zote, na aliona aibu kuitaja. Akaitaja. “Amsahau mkewe. Akitoka pale mtoni, asikumbuke kama aliwahi kuwa na mke.”

Nje Hemali alisikika akimweleza mtu vidonge vya kunywa na chakula.

“Lakini yeye angekuwa ameshikwa mkono?” Linus akauliza.

“Angekuwa ameshikwa.”

“Si yeye angejua nimefika?”

“Angejua.”

“Chukua.” Akajipangusa uso kwa mkono wa jaketi, mistari ikang'aa kwenye taa. “Zote hizo niliziandika, Kish. Macho niliandika, jina niliandika, hiyo ya kusahau ndiyo ilikaa miezi sita. Nikafuta zote. Bei ni kitu mtu anakiangalia, anasita. Mimi kila nikiweka, jamaa yangu analipa mbio mbio na bado anauliza chenji. Sasa hiyo ni bei ya nini?”

Kishor akavuta kiti cha pili. Akakaa, magoti yao yakagusana katika kachumba kale, na machozi yakamtoka bila kuyazuia.

“Tuma hivyo hivyo,” akasema. “Usiguse hata nukta.”

“Na wakiuliza nani alilipa?”

“Waniulize mimi.”