Mteja wa Vyungu Arobaini

Wiki mbili nilikosa usingizi, nikijiuliza nitamwambiaje Mama Tumaini kwamba mteja wake hayupo.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Matema, shahada yangu bado mpya. Niliwafundisha wanafunzi kutengeneza tovuti za bure. Mmoja wao, Tumaini, alitengeneza ya vyungu vya mama yake, oda ziingie moja kwa moja kwenye simu ya mama. Nikaijaribu: nikaagiza vyungu arobaini kwa jina la kubuni, mteja wa Mbeya. Kisha nikasahau kabisa.

Keshoye mama akanishika mikono miwili. "Ndaga, asante sana, mwalimu! Mbeya wameagiza arobaini!"

Nikatabasamu. Nilihofia wanafunzi wangenicheka, basi nikanyamaza huku yeye akifinyanga, akianika, akichoma.

Jumamosi nikamkuta ufukweni mwa ziwa na wafinyanzi wenzake, wakifunga vyungu kwa majani makavu ya migomba.

"Mteja anakuja lini?" akaniuliza.

"Huyo msomi wetu anajua kila kitu," mwenzake akasema.

"Mama, mteja ni mimi. Nilikuwa naijaribu tovuti."

Mikono yote ikasimama. Mama Tumaini akanionyesha rundo la vyungu.

"Basi, mteja, beba mzigo wako."

Nikainama, nikajitwika cha kwanza, nikashika njia ya sokoni.