Masuke Mabovu ya Mwamina

Kila mtu Ruponda hutundika masuke ya mbegu juu ya jiko, moshi uyakinge na wadudu. Mwamina peke yake alitundika na masuke mabovu ya mtama, yale yanayovuja utomvu wa kunata na kuota ukungu, ambayo wenzake huyachoma shambani. Majirani walimcheka. Aliwaacha wacheke, maana alikuwa mkunga wa kijiji na alijua alichokijua.

Alikuwa amekipata kwenye semina ya wakunga. Nesi Rozalia aliwaambia kwamba ile sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, asili yake ni ukungu unaoota kwenye nafaka. Nesi aliendelea kueleza mengine, lakini Mwamina wa watu mawazo yake yalikuwa yameshatangulia shambani.

Masika haya uchungu ulimwahi Raudha, binti yake wa pekee, akajifungulia nyumbani. Mtoto alilia vizuri. Kisha damu ikaanza kumtoka mama, na haikukoma. Bilali, mume wa Raudha, akasogeza pikipiki mlangoni.

"Mama, tumuwahishe zahanati. Mto unajaa."

"Ngoja kwanza. Dawa ninayo."

Mwamina akaangua yale masuke mabovu, akayatwanga, akayabandika jikoni. Kuni zilikuwa mbichi. Bilali alishika usukani akaachia, akashika tena. Kumbishia mkwe hakuweza. Raudha alikunywa kikombe chote bila kuuliza, kwa kuwa aliyempa ni mama yake. Wakangoja. Kanga zikazidi kulowa, na Mwamina akaingiwa na hofu ambayo hajawahi kuijua katika uzazi wa mtu mwingine yeyote.

Wakamwachia jirani mtoto, wakaondoka. Mtoni maji yalikuwa yameshafunika daraja, ikabidi wazunguke njia ya juu. Mwamina alimkumbatia mwanawe kwa nyuma, akimwita njia nzima, na majibu yakawa yanafifia.

Zahanati, Rozalia alichoma sindano, damu ikakata. Dawa ilifanya kazi yake. Lakini Raudha alikuwa amepoteza damu nyingi mno, na akafariki mbele yao.

"Nesi," Mwamina aliuliza, "ule ukungu wa mtama niliompa, nilikosea kipimo?"

"Bibi, ule wetu ni ukungu mwingine kabisa. Niliwaambia siku ile ile."

Mwamina akamgeukia Bilali. Alitamani mkwewe amtukane, amsukume, amtajie lile neno lake la 'ngoja kwanza'. Bilali aliinamisha kichwa kwa adabu ile ile ya mlangoni.

"Mama," akasema, "mtoto hajanyonya."