Waliokanyaga Udongo wa Mfereji

Dismasi alijua mahali mfereji unapovuja kwa kutazama majani. Penye kijani kibichi chini ya ukingo wakati wa kiangazi, hapo ndipo alipochimba. Aliufuata unyevu hadi kwenye ufa au tundu la kaa, akatoa udongo wote uliolegea, kisha mkewe Agnesi akaingia kukanyaga udongo wa kichuguu uliolowekwa, mpaka ukashikamana.

Mfereji huo ulilisha kijiji kimoja cha vilimani juu ya Kidahwe, magharibi mwa Tanzania. Kila aliyekunywa maji yake alipaswa kukanyaga, na desturi ilisema aliyekanyaga hafukuzwi. Agnesi aliletwa akiwa mtoto mwaka 1972, watu walipokimbia mauaji Burundi. Alikua akikanyaga.

Mwaka 1997 askari walianza kuwakusanya Warundi waishio vijijini wawapeleke kambi za wakimbizi. Ndugu walimshauri Dismasi amfiche mkewe kwa dada yake aliyeishi mtaa wa Katubuka, mjini.

“Anayefichwa ni mwizi,” alijibu. “Mke wangu anajulikana na wote.”

Asubuhi moja ukingo ulivuja, kijiji kizima kikaenda mferejini. Dismasi akamchukua Agnesi mchana kweupe.

“Shemeji, kanyaga polepole,” alitania Pastory, mwenyekiti wa kijiji. “Udongo haujakukosea!”

“Shuka na wewe, Mwenyekiti! Au unaogopa tumbo litaziba mfereji?” alijibu Agnesi.

Bado watu wanacheka, gari la askari likasimama barabarani.

“Nani hapa ametoka Burundi?”



“Mimi, baba,” alisema Agnesi. Hakuzoea kudanganya.

Dismasi alimgeukia Pastory. “Mwenyekiti, waambie huyu ni wa hapa.”

Pastory alitazama chini. Mama yake mwenyewe alizaliwa ng’ambo ya mpaka, akaogopa swali ambalo lingefuata. Wengine walimtazama yeye, naye alipokosa neno, nao wakakosa. Agnesi akapakiwa garini, miguu yake ingali na udongo.

Dismasi alimaliza kuziba, maana kulikuwa na watoto wa kunyweshwa. Kisha akampa Pastory jembe, akaondoka.

Langoni mwa kambi walimwambia, “Wewe Mtanzania, rudi kwenu.” Kesho yake, zamu ya walinzi ilipobadilika, alirudi akasema kwa Kiha cha mama yake kwamba yeye ni Mrundi, amekimbia vita. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Wakamwandikisha.

“Umesema uongo, Dismasi?” Agnesi alimuuliza.

“Nimesema.”

“Na mfereji umemwachia nani?”

“Una wenyewe.”

Uongo ni uongo, sitaupa jina jingine. Lakini wanaojua ukweli wakinyamaza, mnyofu hubaki na njia gani? Wale hawakukosa ulimi. Walikuwa wametoka kucheka muda mfupi tu.

Masika ya pili kambini, malaria ilimuua Dismasi. Alizikwa huko kama mkimbizi, ndani ya mkoa aliozaliwa, na zaidi ya mkewe hakuna jamaa yake aliyepata kutia mchanga kaburini.

Pastory alifika baadaye kutoa pole. Alianza, “Shemeji,” akasimama mlangoni.

Agnesi alimwekea kigoda. “Kaa, umetoka mbali.” Akamkingia kikombe cha maji, akageuka kuchochea moto wake.