Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule nikabaki Kinampanda na wadogo zangu watatu: wa kiume mmoja na wasichana wawili, wa mwisho akiwa bado hajaota meno. Kitu cha kwanza nilichoweka kilikuwa sheria ya sinia. Hakuna chakula kitakachoingia nyumba hii kisiwekwe katikati. Jirani akikupa andazi, linakatwa vipande. Aliyekula mafichoni tulimwita fisi, na jina hilo lilimganda wiki nzima.

Sheria hiyo ilitulea. Miaka kumi na miwili baadaye, nusura iniulie mdogo wangu.

Huyu wa kiume alipopata nguvu alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kazi yake kuponda mawe. Madaftari na sare za wadogo zake zilitoka kwenye mawe yale. Alirudi na kifua kinachopiga filimbi. Kliniki walimpima makohozi, hakuwa na kifua kikuu. Wakampiga picha, na daktari akatuambia vumbi la mawe limeacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayafutiki. Dawa zitampunguzia kubanwa, basi. Lakini kilichomtia daktari wasiwasi zaidi ni mizani. Mtu ambaye kichwa chake hugusa fremu ya mlango alikuwa na kilo arobaini na nne.

"Huyu anatumia kupumua nguvu unazotumia wewe kulima," nesi alinieleza. "Wewe ukikaa, umepumzika. Yeye akikaa, bado yuko shambani. Akizidi kukonda, homa ndogo tu ya kifua itamlaza, na hatainuka."

Alitupa pakiti za unga wa virutubisho, wa maziwa na soya, za mwezi mzima. Moja asubuhi, moja alasiri. Tumbo likijaa ugali linasukuma kifua, akasema, kwa hiyo ale kidogo kidogo, mara nyingi, na kijiko cha mafuta juu yake. Mafuta ya alizeti tunayo. Mayai niliacha kuyauza.

Mwezi ule niliupania. Kila asubuhi nilikoroga mwenyewe, nikamkabidhi kikombe mkononi, nikachukua jembe kwenda kupalilia vitunguu. Tuliporudi kliniki, mizani ilisoma arobaini na tatu.

Nesi alinitazama. "Dada, anakunywa yeye au wanakunywa kuku?"

"Nakoroga kwa mkono wangu huu," nilimjibu kwa ukali.

Kesho yake niliondoka na jembe kama kawaida, nikageuza kabla sijafika shambani. Niliwakuta nyuma ya jiko, wasichana wameshavaa sare za shule, kikombe kinazunguka. Mdogo wangu alipiga funda moja, akampa anayemfuata, naye akampa wa mwisho. Wa mwisho alikuwa anakomba povu kwa kidole.

"Fisi nyie!" nilipiga kelele.

"Fisi ni anayekula peke yake, dada," mdogo wangu alisema, akitafuta pumzi katikati ya maneno. "Si wewe uliyetufundisha?"

Niliweka jembe chini.

Siku hiyo nilitangaza kwamba atakunywa peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Alasiri alitoka na kikombe kimejaa.

"Haipiti," alisema akigusa koo. "Wako hapo nje, wananisikia nikimeza."

Nilimgombeza. Nilimkumbusha maneno ya nesi. Siku ya pili kikombe kilirudi kimejaa tena, na hapo nikaelewa kwamba koo lile nililifunga mimi mwenyewe, kwa miaka kumi na miwili, na halitafunguka kwa kelele.

Siku ya tatu nilipika uji wa uwele mapema. Nikatoa vikombe vinne, vitatu nikavijaza uji, cha nne nikakoroga unga wake. Kwenye mkono wa kile cha nne nilifunga uzi mwekundu. Nikawaita wote.

"Tunakunywa pamoja kama siku zote," niliwaambia. "Ila kila mtu na kikombe chake. Atakayeonja chenye uzi, huyo ndiye fisi."

"Na kaka mwenyewe akitupa?" wa mwisho aliuliza.

"Basi fisi ni yeye."

Kaka yao alicheka mpaka akakohoa. Tulisubiri kikohozi kiishe, vikombe mkononi, hakuna aliyetangulia. Kisha tukanywa, na akamaliza.

Tangu hapo alasiri nakatisha palizi nirudi nyumbani, ili asinywe bila mwenzake. Wanawake wa mashamba ya jirani wananitania. "Unamkimbilia mtoto wa kunyonyesha?"

"Ndiyo," nawajibu, "na ana ndevu."

Safari iliyofuata mizani ilisoma arobaini na nne. Iliyofuata tena, arobaini na tano na nusu. Mapafu ni yale yale, na filimbi bado naisikia akivuka uwanja. Nesi hakunisifu, aliandika tu kwenye kadi na kunipa pakiti nyingine. Nilizikumbatia kama mbegu.

Jana asubuhi, kwa mazoea, mdogo wangu alipiga funda moja akamsogezea wa mwisho kikombe chake. Msichana hakuinua hata macho kutoka kwenye uji wake. Alikirudisha kwa kidole kimoja.

"Chako hicho, kaka. Maliza, tunachelewa shule."